Ukuta Chini ya Lundo

"Na mimi nakwambia sibonyezi," nikasema. "Ondoa hicho kibao mezani, nataka kupanga vyombo."

Mbula hakukiondoa. Alikiwekea mkono juu, kama mtu anayezuia kuku asikimbie.

"Mama, tumeanza hili tangu saa kumi na mbili. Kila mara unarudi palepale."

"Narudi palepale kwa sababu na wewe hujasogea."

"Igongo wana mpaka saa sita mchana."

"Na Kisana tutakuwa na mpaka lini nikibonyeza? Saa sita na dakika moja. Una akili wewe, au uliziacha mjini?"

"Siku nne. Sheria inatoa siku nne za kuhama."

"Mwambie bibi yako hizo siku nne. Ana miaka tisini na moja. Nenda, yuko barazani, mwambie."

Hakwenda. Nilijua hatakwenda. Mbula ana miaka thelathini na ni msomaji wa miamba wa ofisi ya urithi, ana cheo na gari la kazi, lakini mbele ya bibi yake bado ni mtoto wa kutumwa chumvi.

Nikachukua sahani tatu nikazipanga kuzunguka kibao. Kwenye kioo chake kulikuwa na picha yangu ya zamani: Salome Kitundu, miaka ishirini na minne, nywele zimesukwa, macho makavu. Chini ya picha, maneno: *Ukurasa wa Miamba, Kilima cha Kisana*. Chini kabisa visanduku viwili, THIBITISHA na ACHA. Kilisubiri kidole changu tu. Ukurasa hurekebishwa na aliyeuandika, si mtu mwingine.

Sufuria zikaanza kulia rafuni. Taratibu, mfuniko juu ya mfuniko, kama meno ya mtu mwenye homa. Tukazisikiliza wote wawili mpaka zikanyamaza.

"Hayo yako chini ya bonde," Mbula akasema. "Mita mia mbili na kitu."

"Najua yaliko. Sina haja ya kupimiwa."

Ni mafuko, mashine za kuchimba. Nilipomaliza chuo, mtu aliyetaka kuchimba mlima aliomba kibali ofisini, akasubiri, akaenda tena, akasubiri tena. Siku hizi hakuna wa kuombwa. Mafuko yanajiendesha yenyewe chini ya ardhi yakifuata madini ya betri, na kila Jumatatu saa sita mchana yanasoma Daftari, orodha ya serikali ya maeneo yote. Palipoandikwa kufuli la urithi, yanageuza pua. Pasipoandikwa, yanakula. Sijawahi kusikia fuko lililobishana na Daftari, na sijawahi kusikia mtu aliyebishana na fuko akashinda.

Madini hayo yanapita chini ya vilima viwili hapa kwetu, Kisana na Igongo, na bonde katikati. Kisana kina kufuli. Igongo hakina. Kufuli la Kisana niliweka mimi, kwa mstari mmoja wa kalamu, miaka thelathini na moja iliyopita, kabla hata mafuko hayajabuniwa. Na mstari huo ni wa uongo.

*

Nilitoka nje ili nisimtukane mtoto. Nikapanda mpaka lundoni, hatua mia moja na hamsini nyuma ya nyumba. Alinifuata, bila shaka.

Lundo letu si kubwa kwa macho ya mgeni. Ni mawe ya kusagia, meusi, mazito, yaliyochimbika katikati kwa kusagiwa mtama miaka na miaka. Yote yamelazwa kifudifudi. Mwanamke wa Kisana akifa, jiwe lake linapandishwa hapa na kulazwa hivyo, uso chini. Kazi imekwisha.

Mbula alikuja Jumamosi na kalamu ya mwamba kuyasoma upya, kazi ya kawaida tu, kila ukurasa wa zamani unasomwa upya. Kalamu yenyewe ni kitu cha urefu wa kijiko. Unaigusisha jiwe, inachoma sehemu ndogo kuliko punje ya ulezi, inausoma moshi wake, kisha inaulinganisha na miamba yote iliyowahi kupimwa nchini. Kila mwamba ulipopoa uliacha vipimo vyake, na hakuna miamba miwili iliyopoa sawasawa. Kwa hiyo kalamu haikwambii tu hili ni jiwe gani. Inakwambia lilivunjwa wapi, na haikosei zaidi ya hatua mia.

Iliyasoma mawe mia tatu na kumi na mawili. Mia mbili na tisini na nane yalitoka Igongo. Kumi na manne yalitoka vilima vingine vya mbali.

"Na ya hapa?" nilimuuliza Jumamosi.

"Hakuna hata moja, mama."

Kisana chote ni itale, jiwe la kijivu lenye madoa, bovu kwa kusagia, linaacha mchanga kwenye unga. Mtoto yeyote wa hapa anajua. Mimi nilikuwa na stashahada ya madini na nilijua zaidi ya mtoto. Nilikaa juu ya lundo hili siku tatu, na nyundo, na lenzi, na mimba ya Mbula ya miezi saba, nikijiuliza jiwe jeusi limefikaje juu ya kilima cha itale. Fomu ilikuwa na sehemu moja inaitwa *Chanzo cha jiwe*. Haikubali kuachwa wazi.

Jibu lilikuwa pale chini, barazani, likisaga mtama. Ningemuuliza tu mama mkwe: mama, jiwe lako limetoka wapi?

Lakini nilikuwa mkwe wa mwaka mmoja. Hapa kwetu bibi harusi anakuja na jiwe la kusagia kutoka kilima cha mama yake, na jiwe halitoki ndani ya nyumba mpaka mwenyewe afe. Mkwe haligusi jiwe la mama mkwe wala haulizi habari zake. Kuuliza ni kama kusema, utakufa lini nilichukue? Mimi mwenyewe nilitoka mkoa mwingine, nilikuja na vyombo vya plastiki, na nilikuwa naogopa kukosea kila nilipofungua mdomo. Kwa hiyo sikuuliza.

Nikatumia elimu badala yake. Darasani tulifundishwa kwamba jiwe jeusi la moto huweza kupenya ndani ya itale na kusimama humo kama ukuta, umefukiwa, hauonekani juu. Nikaandika: *Ukuta wa jiwe jeusi uliofukiwa chini ya lundo. Mawe yalivunjwa na kuchongwa hapahapa.* Nikasaini. Nikaona nimeandika kitu cha akili sana.

Hivyo Kisana kikawa Karakana ya Kale ya Mawe ya Kusagia. Kikapata kufuli. Na kwa kuwa kilikuwa na kufuli, hakuna aliyeruhusiwa kuchimba chini ya lundo kuutazama huo ukuta.

"Kwa nini wasifunge vilima vyote viwili?" nikamuuliza Mbula. Nilikuwa nimeshamuuliza mara tatu.

"Kwa aina moja ya jiwe, karakana moja. Daftari halikubali mbili, ukirekebisha kufuli linahamia Igongo. Nimeomba."

"Umemwomba nani?"

"Daftari."

"Mtu, Mbula. Binadamu. Hamna binadamu ofisini kwenu?"

"Ipo kamati. Inakaa mwezi wa tisa."

"Na leo ni mwezi wa nne. Vizuri sana."

Simu yake ikalia. Akaitazama, akanipa mimi. "Ni Ruthi wa Igongo. Anataka kusema na wewe, si na mimi."

Ruthi Mpinga namjua kwa asali. Anafuga nyuki, ana sauti nzito ya kiume, na tangu mwaka juzi Igongo walipoanza kuhamishwa yeye na kaya nyingine saba wamekataa kutoka.

"Mama Mbula, shikamoo."

"Marahaba, Ruthi. Hali ya huko?"

"Nyuki wametoka mizinga yote. Tangu alfajiri. Wamening'inia kwenye mti mmoja kama gunia." Akavuta pumzi. "Mbula ameniambia kuhusu mawe. Usimlaumu, nilimbana mimi. Nataka nikwambie kitu kimoja tu, halafu nitakuacha. Huku kwenye ngazi za juu za kilima, yapo. Maelfu. Yamechongwa nusu, yamepasuka, yametupwa. Tunajengea mazizi ya mbuzi. Sisi hatukujua kwamba hiyo ni historia. Waliokuja kupima walituambia karakana imeshapatikana, iko Kisana, wakaenda zao."

"Waliniamini mimi," nikasema.

"Ndiyo. Wewe una stashahada."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa nafuu angesema kwa kejeli.

"Una kaya ngapi huko, Ruthi?"

"Nane."

"Sisi kumi na moja."

"Najua, mama. Na mimi nimezihesabu."

Nikamrudishia Mbula simu. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Unaogopa watu wataona ulikosea," Mbula akasema, taratibu.

"Hilo pia naogopa, usidhani nitakukatalia. Lakini hilo peke yake ningelimeza na chai. Baba yako amelala pale chini ya mgunga. Bibi yako anajua njia ya chooni gizani bila taa. Ukimpeleka kwenye yale mabweni ya bati ya waliohamishwa, bondeni, ataanguka wiki ya kwanza, na wiki ya pili nitakupigia simu uje kuzika. Wewe unaona ukurasa. Mimi naona choo."

"Na Igongo hakuna vyoo?"

Mtoto huyu nimemzaa mwenyewe, sina wa kumlaumu.

*

Bibi Tabu Msengi, mama mkwe wangu, alikuwa barazani akipepeta mtama. Anasaga kiasi cha uji wake mwenyewe kila asubuhi, hataki unga wa mashine, anasema una ladha ya mkanda. Jiwe lake lilikuwa pembeni yake pale lilipo siku zote. Miaka thelathini na mbili nimefagia kulizunguka. Hata siku baraza ilipopigwa saruji, fundi alilizungushia saruji kama mguu wa mtu.

"Mke mwenzangu," akamwita Mbula, "mama yako ana nini? Tangu asubuhi anavunja sahani."

"Anapanga, bibi."

"Anapanga kwa hasira. Masikio yangu mabovu, siyo kichwa."

Sufuria zikaanza tena kulia ndani. Safari hii na mtama kwenye ungo ukatetemeka, ukajisogeza wenyewe kuelekea ukingoni. Bibi akauzuia kwa kiganja.

Nilikaa chini mbele yake, sakafuni, miguu nimeinyoosha upande kama nilivyokaa mwaka wa kwanza. Nikaona nisizungukezunguke.

"Mama, jiwe lako limetoka wapi?"

Mbula akageuka ghafla. Bibi akaacha kupepeta.

"Unanifukuza?"

"Hapana, mama. Nauliza kwa sababu ya kazi."

"Kazi." Akacheka kwa puani. "Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?"

"Ni mwiko."

"Mwiko uliwekwa kwa wakwe wavivu, wanaotaka jiwe la mtu kabla hajalimaliza. Haukuwekwa kwa mtu wa serikali aliyekuja na nyundo." Akaweka ungo pembeni. "Nilikuona pale lundoni siku tatu, na tumbo lako mbele. Nikasema, huyu atashuka aniulize. Siku ya kwanza hukuuliza. Ya pili hukuuliza. Ya tatu ukashuka ukasema, nimemaliza, mama. Nikajua umeandika uongo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekuambia. Sikutaka kumfundisha msomi. Baadaye likaja hilo kufuli lenu, nikaona Kisana kinapona na vilima vingine vinaliwa, nikasema basi, uongo una kazi yake. Nikanyamaza. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Tuliuandika wawili, wewe kwa mkono na mimi kwa mdomo uliofungwa."

Mbula alikuwa ameshachuchumaa karibu na jiwe, kalamu mkononi. Mjukuu haruhusiwi wala hakatazwi, mjukuu anatania tu. "Bibi, niliguse jiwe lako?"

"Liguse, mke mwenzangu. Usilile."

Kamoshi kadogo kakapanda. Mbula akasoma kioo. "Igongo. Upande wa mashariki, ngazi ya tatu kutoka juu."

"Ya nne," Bibi akasema. "Hiyo kalamu yako haijui kuhesabu. Mama yangu alivunja mara nne, yote yakapasuka. Siku nne alipanda na nyundo, na harusi imekaribia. La tano ndilo hilo. Yale manne aliyatupa palepale, kando ya jiwe kubwa lenye umbo la ng'ombe aliyelala. Nilipokuwa na nguvu nilikuwa naenda kuyatazama."

Nikaona saa kwenye simu ya Mbula. Tano na dakika arobaini.

"Yapo bado?" nikauliza.

"Nani wa kuyabeba? Yamepasuka."

Nikafikiri zaidi juu ya hayo mawe manne kuliko nilivyofikiria maelfu ya Ruthi. Mwanamke mmoja amepanda kilima mara tano ili binti yake asiende kwa watu mikono mitupu. Saa sita fuko lingepita hapo chini, ngazi ingezama na jiwe la ng'ombe aliyelala, na kwenye Daftari pangebaki maneno yangu kwamba hayo yote yalifanyika kwetu, kwenye ukuta ambao niliubuni kwa sababu niliona haya.

"Unataka nifanye nini, mama?"

"Mimi si mwenye saini."

"Nakuuliza."

"Umeanza kuuliza leo, umenogewa." Akashika goti lake, akalisugua. "Sitaki jiwe langu lilazwe lundoni juu ya uongo. Na sitaki kwenda kuishi kwenye bati bondeni. Vyote viwili sitaki. Haya, chagua."

Nikasimama. Nikaenda mpaka ukingo wa baraza nikarudi. Nikaenda tena.

"Tuwaite majirani?" Mbula akauliza. "Bado dakika kumi na tano."

"Nikiwaita watasema nisibonyeze. Nami nitatii, kwa sababu ndicho ninachotaka. Halafu nitasema ni wao." Nilisikia sauti yangu inakuwa kali, nikaiacha iwe kali. "Hili si la kupigia kura. Ukuta upo au haupo."

"Haupo."

"Basi. Nipigie Ruthi."

Ruthi akapokea kwenye mlio wa kwanza. Kwake huko nilisikia mlio mwingine nyuma ya sauti yake, mzito, kama mtu anaburuta kabati lisilokwisha.

"Ruthi, nyumba zilizoachwa wazi huko ni ngapi?"

"Wazi? Ishirini hivi. Kwa nini?"

"Zina paa?"

"Nyingi zina. Mbili mbuzi wameingia."

"Watoe mbuzi. Fagia kumi na moja. Moja iwe na choo karibu, kisiwe na ngazi, cha mtu mzima wa miaka tisini na moja. Ana kwao hapo Igongo, usimweke mbali na upande wa mashariki."

"Mama Mbula," akaanza, nami sikuwa na muda wa kumsubiri alie. Nikakata.

Mbula alishaleta kibao. Juu ya visanduku kuna nafasi ya maelezo. Watu huandika humo namba na tarehe. Nikaandika kwa kidole, herufi kubwa, maana miwani ilikuwa ndani:

*Hakuna ukuta chini ya lundo. Niliubuni. Mawe yalivunjwa Igongo na kuletwa Kisana na mabibi harusi. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Jiwe la Tabu Msengi: ngazi ya nne mashariki, la tano baada ya manne kupasuka.*

Kibao kikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza THIBITISHA kwa dole gumba. Kikaniuliza tena. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, mpaka Mbula akasema, "Mama, kitavunjika."

Picha yangu ya nywele zilizosukwa ikatoweka. Jina la juu likabadilika likawa *Kilima cha Igongo*. La Kisana likawa na mstari mwembamba tu na tarehe ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kuhama.

Saa sita ilipofika, sufuria zilinyamaza zote kwa pamoja. Tukasikia jogoo wa jirani. Tukasikia mtu anapasua kuni upande wa pili. Kisha zikaanza tena, na sasa mlio haukutoka upande wa bonde. Ulitoka chini ya miguu yetu.

Katika nyumba ya jirani yetu Msengi mdogo mlango ukafunguliwa, mtu akatoka akatazama chini. Halafu nyumba ya pili. Walikuwa wanakuja. Wote kumi wangenilaani, na wana haki, na ningewaambia kwa mdomo wangu leo hii kabla ya chakula. Siku nne, mawe mia tatu na kumi na mawili. Kila mwenye kichwa angebeba mpaka Igongo. Kaburi la chini ya mgunga ningelifikiria kesho.

Nikavua kanga ya begani, nikaizungusha nikatengeneza kata, nikaiweka kichwani. Nikainama kwenye jiwe la mama mkwe wangu. Saruji ilikuwa imelishika upande mmoja. Nililipiga teke mara mbili mpaka likaachia, nikaingiza vidole chini yake. Lilikuwa la baridi upande ule ambao jua halijawahi kuufikia.

Mbula akasogea kunisaidia. Nikamwambia amshike bibi.

Nilipolinyanyua lilinielemea, likapinduka mikononi, uso ukaangalia chini.

"Ligeuze," Bibi Tabu akasema nyuma yangu. Alikuwa ameshasimama, amemshika Mbula bega, ungo wa mtama uko kwapani. "Uso juu. Mimi bado sijafa."

Nikaligeuza, nikalitwisha, nikashuka nalo barazani.